Kuandika nako husomewa?

Ndugu msomaji, yapo masomo ambayo mtu akiyataja hakuna amwulizaye maana yake. Akisema anakwenda kusomea udaktari, ukoo mzima hushangilia. Akisema uhandisi, wazee hutikisa vichwa kwa kuridhika. Akisema uhasibu, yupo atakayemwombea dua asije akashawishika na fedha za watu. Lakini mimi, mwaka 2014, nilipowaambia jamaa zangu kwamba naondoka Dar es Salaam kwenda Marekani kusomea kuandika hadithi, kimya kilitanda sebuleni. Aliyekivunja ni mama mkwe wangu, mtu wa maneno machache. Aliniuliza, "Mkwe wangu, kuandika si ulifundishwa darasa la kwanza?"

Swali lile halikuwa la dhihaka. Nilikuwa mwalimu wa shule ya sekondari, mke wa karani wa bandarini, na mama wa binti mmoja aliyekuwa ameanza darasa la kwanza Januari ya mwaka uleule. Miaka miwili si kitu kidogo katika nyumba ya wafanyakazi. Mshahara mmoja ungekatika, mtoto angelala bila mama, na mume angebeba ya kazini na ya jikoni kwa pamoja. Aliyeuliza faida ya safari ile alikuwa na haki ya kujibiwa. Na kwa kuwa tangu nirudi nimeulizwa hivyo hivyo na wazazi wengi ambao watoto wao wameingiwa na hamu ya kuandika, naona ni vema nijibu hapa hadharani. Je, uandishi hufundishika? Na kama hufundishika, mtu hufundishwa nini hasa?

Mabanda ya bati

Nilikwenda Iowa City, mji mdogo wa jimbo la Iowa, katikati ya Marekani. Ni jimbo la wakulima, nalo ndilo liongozalo nchi ile kwa mahindi na nguruwe. Mtu aliyezaliwa Iringa au Mbozi angeyatazama mashamba yake akajiona yu nyumbani, mpaka hapo theluji itakapoanguka. Mnamo mwaka 1922 Chuo Kikuu cha Iowa kilikubali jambo ambalo vyuo vingine viliona ni la ajabu: kwamba mwanafunzi wa shahada ya juu aweza kuwasilisha hadithi au mashairi aliyoyatunga mwenyewe mahali pa tasnifu ya utafiti. Mwaka 1936 ikaanzishwa warsha ya waandishi chini ya Wilbur Schramm. Baada yake ikashikwa na mshairi Paul Engle, mzaliwa wa jimbo hilohilo, ambaye aliiongoza tangu 1941 hadi 1965.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha na askari waliorudi wakajaa vyuoni, warsha hiyo ilifanyia masomo yake katika mabanda ya bati ya kijeshi, kando ya Mto Iowa. Nalitaja hili kwa makusudi. Aghalabu tunapofikiria masomo ya ng'ambo hutujia picha ya majumba na mitambo. Somo hili halina mtambo. Huhitaji meza, viti, karatasi, na watu wasiozidi kumi na watano waliokubaliana kusomana. Huko Uingereza, Chuo Kikuu cha East Anglia kilipoanzisha somo kama hilo mwaka 1970, chini ya Malcolm Bradbury na Angus Wilson, mwandishi wa kwanza kulichukua alikuwa kijana mmoja peke yake, Ian McEwan. Miaka kumi baadaye akahitimu hapo Kazuo Ishiguro, ambaye mwaka 2017 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi.

Wengi wamepita Iowa, lakini niliyempenda kuliko wote ni Flannery O'Connor, binti kutoka jimbo la Georgia, aliyefika pale mwaka 1945. Husimuliwa kwamba alipokwenda kujieleza kwa Engle, lafudhi yake ya kusini ilikuwa nzito hata mkubwa yule hakumwelewa, akampa karatasi aandike anachotaka. Akaandika kwamba yeye si mwandishi wa habari, na kwamba anaomba kuingia katika warsha. Akakubaliwa. Mimi niliyefika na Kiingereza changu cha Kinondoni nilipata faraja kubwa katika kisa hicho. Hata mwenyeji, mwenye lugha yake, aliwahi kutoeleweka mpaka alipoandika.

Sheria ya kimya

Sasa nikueleze mambo yaendavyo. Programu ni ya miaka miwili, na mwisho wake ni shahada ya uzamili. Mwanafunzi hufundisha vijana wa mwaka wa kwanza wa chuo, na kwa kazi hiyo husaidiwa ada na kupewa posho ya kujikimu; mimi nilibana na kupeleka sehemu yake nyumbani. Alasiri moja kila wiki mnakutana, watu kumi na wawili hivi pamoja na mwalimu, ambaye mwenyewe ni mwandishi wa vitabu. Siku kadhaa kabla ya hapo, wawili kati yenu wamekwisha kugawa nakala za hadithi zao. Kila mmoja amezisoma, mara nyingi zaidi ya mara moja, na kumwandikia mwenye hadithi barua ya ukurasa mmoja au miwili.

Mkisha kuketi, wenye kuisoma hadithi hiyo huanza kuijadili, na mwenye hadithi hunyamaza. Hiyo ndiyo sheria. Haruhusiwi kusema, "Hapo nilikusudia hivi," wala, "Hamkuelewa, kwetu mambo huwa hivi." Ananyamaza na kuandika yasemwayo. Mwishowe hupewa nafasi ya kuuliza maswali. Siku hizi wako walimu ambao wamelegeza sheria hii, wakisema humwonea aliyetoka mbali na wenzake, nami sikatai kwamba wana hoja. Lakini acha nikueleze nilichokiona ndani yake.

Bibi anayesimulia ngano huwaona wasikilizaji wake. Mtoto akipiga miayo, huongeza fisi. Mtoto akishangaa, hurudi nyuma akaeleza. Mwandishi hana bahati hiyo. Akisha kuitoa kazi yake, husomwa na mtu asiyemjua, ndani ya basi la kwenda Mbagala au kitandani huko Kigoma, na msomaji akipotea njia mwandishi hayupo kumwonyesha. Basi warsha ni mahali ambapo mwandishi hukalishwa kwa nguvu mbele ya msomaji wake, amwone anavyopotea, na azuiwe kumsaidia kwa mdomo. Msaada wote sharti uwe umo katika maandishi. Hilo, ndugu msomaji, ndilo nililofundishwa, nalo halikuwamo katika masomo ya darasa la kwanza.

Mwanamke mwenye sauti kubwa

Mfano hueleza zaidi. Hadithi yangu ya kwanza pale mezani ilimhusu mwanamke mfanyakazi wa kiwanda cha nguo, ambaye akirudi zamu jioni husema na wanawe kwa sauti kubwa. Mama yangu mzazi alifanya kazi hiyo hapa Dar es Salaam kwa miaka mingi, katika idara ya ufumaji, nami nililelewa na sauti ile.

Tulianza saa nane za mchana. Dar es Salaam ilikuwa saa nne za usiku, binti yangu amekwisha kulala. Mwenzangu mmoja akasema kwamba mwanamke huyu ana hasira. Wa pili akasema hasira hiyo bila shaka imetokana na mumewe. Wa tatu akauliza kama watoto wanapigwa, na mbona hadithi inaficha. Kwa zaidi ya nusu saa watu wenye akili na wema, waliosoma kila mstari, walimjadili mwanamke mkali ambaye mimi sikumjua. Nami nilikuwa nimebana midomo.

Usiku ule niliandika nyumbani kwamba mama aulizwe juu ya ile sauti. Simu haikufaa, kwa kuwa masikio ya mama yalikuwa yamekwisha kudhoofika kwa mngurumo wa mashine. Yeye hujibu kwa barua. Alijifunza kusoma na kuandika katika miaka ya 1970, katika madarasa ya elimu ya watu wazima yaliyofanyika pale pale kiwandani baada ya zamu, na mwandiko wake mpaka leo ni ule wa mtu anayeheshimu mistari. Mume wangu aliipiga picha barua yake akaniletea kwa simu. Iliandikwa hivi: "Mwanangu, mashine zilinguruma hata mtu hasikii jina lake. Tulisemezana kwa kutazamana midomo. Ukitoka getini bado unapaza sauti, wala hujui kama unapaza. Majirani walisema mama yenu mkali. Sikuwa mkali."

Maneno mawili yale ya mwisho hakuwahi kuyatamka mbele yetu katika miaka yote tuliyoishi naye. Yalitoka kwa sababu wageni kumi na wawili, walio mbali kwa safari ya siku nzima ya ndege, walipotea njia katika ukurasa.

Nikaiandika hadithi upya. Safari hii ilianza na wanawake wawili waliosimama kila mmoja kwenye mashine yake, wakizungumza habari za unga na kodi ya nyumba bila ya kutoa sauti, kwa midomo tu. Iliporudi mezani hakuna aliyetaja hasira. Walizungumza juu ya watoto, na juu ya sauti ya mama ambaye hajisikii mwenyewe.

Meza ya pili

Lakini barua ya mama ilikuwa na mstari mmoja zaidi, chini kabisa: "Na hiyo hadithi yenyewe nitaisoma lini?"

Hapo ndipo penye uzito. Hadithi ilikuwa kwa Kiingereza. Mama hakijui. Kumsomea kwa simu haiwezekani, maana hasikii. Watu kumi na wawili wa Iowa walikuwa wameisoma habari ya maisha yake mara mbili, na mwenye maisha hakuweza kusoma hata sentensi moja. Nilikuwa nimewaacha mume na mtoto, kwa fadhila za ukoo mzima, ili niandike habari za watu wetu ambazo watu wetu wasingezisoma.

Tangu siku ile kila hadithi niliiandika mara mbili, kwa Kiingereza kwa ajili ya darasa na kwa Kiswahili kwa ajili ya nyumbani. Usidhani ilikuwa kazi ya kufasiri. Kurasa nzima zilizoeleza kanga na zamu zilianguka zenyewe, kwani mama hahitaji kuelezwa kanga. Mahali pake yalizuka maswali mapya. Katika Kiingereza nilikuwa nimeridhika na kitenzi kimoja cha kusema kwa sauti. Kiswahili kiliniuliza: anafoka, anakaripia, anagomba, anapaaza, au anaita? Kila neno lilikuwa hukumu. Nikiandika "alifoka", nimemhukumu pamoja na majirani. Nikiandika "alipaza sauti", nimemwachia heshima yake. Siku tatu nzima nilikaa na neno hilo, nje theluji ikianguka.

Mume wangu alichapisha hadithi katika steshenari ya mtaani akampelekea mama. Ilirudi na alama za penseli pembeni. Mama hakugusa mafumbo wala mtindo. Aliandika: "Huyu mwanamke hajala. Zamu imeanza alfajiri, sasa ni jioni, na hujampa hata chai." Nilizikagua barua zote kumi na mbili za wenzangu. Hakuna aliyeliona hilo. Yamkini wao hawakuwahi kusimama saa nane bila kuketi.

Nilipokuwa nikitafakari habari hizi nilikuta kwamba wengine walinitangulia. Sandra Cisneros, Mmarekani mwenye asili ya Meksiko aliyehitimu Iowa mwaka 1978, ameeleza kwamba siku moja darasa lilipokuwa likijadili nyumba kama zinavyoelezwa katika vitabu, alitambua kuwa nyumba ya kwao haimo katika mazungumzo yale. Kutokana na hilo alianza kuandika kile ambacho hakuna mwenzake angeweza kukiandika, nacho kikawa kitabu chake kilichotolewa mwaka 1984, The House on Mango Street. Na kabla yake, Taban lo Liyong, aliyelelewa Uganda, anatajwa kuwa Mwafrika wa kwanza kupata shahada ya warsha ile, mwaka 1968. Alirudi Afrika Mashariki, na mwaka uleule yeye pamoja na Ngũgĩ wa Thiong'o na Henry Owuor-Anyumba waliandika waraka pale Nairobi wakitaka idara ya Kiingereza ivunjwe, na fasihi ya Afrika iwekwe katikati ya masomo. Meza ya Iowa haikumzuia kurudi na hoja ya kwao.

Nisichokipata

Itakuwa si haki nisiposema upande wa pili. Shahada hii haimpi mtu kazi. Wengi waliohitimu nami wanafundisha, wengine wanauza vitabu, na wachache sana wanaishi kwa kalamu. Mzazi ambaye mwanawe anafikiri kwamba akirudi na cheti cheo kitakuwa kinamngoja, na amweleze mapema. Wala shahada haimpi mtu la kusema. Aliyekwenda bila habari ya kusimulia hurudi na sentensi safi zisizo na mtu ndani.

Gharama nayo haikuwa ndogo. Binti yangu alijifunza kusoma nisipokuwapo. Aliniuliza mara moja kwa simu, "Mama, na nyinyi mmefika kwenye irabu?" nami nikacheka hata machozi yakanitoka. Niliporudi mwaka 2016 alikuwa darasa la tatu, na alisoma kwa sauti vibao vyote vya barabarani tangu uwanja wa ndege mpaka nyumbani. Nilifurahi, lakini vile vibao vya kwanza, vile vya kubahatisha herufi moja moja, alimsomea baba yake. Hilo shahada hailirudishi.

Tena, tusisahau kwamba lugha yetu ilikuwa na warsha kabla ya Iowa. Muyaka bin Haji wa Mombasa alitunga na kujibizana na washairi wenzake katika karne ya kumi na tisa, na shairi dhaifu halikuvumiliwa. Tangu miaka ya 1920 washairi wetu wamekuwa wakiulizana na kujibizana katika kurasa za magazeti. Amri Abedi alitoa mwaka 1954 kitabu cha sheria za kutunga mashairi, kwa Kiswahili, kwa mtu yeyote aliyetaka kujifunza. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali, miaka mingi katika forodha, na aliandika baada ya kazi kama ambavyo wewe ungeandika baada ya kazi. Kwa hiyo anayesema kwamba uandishi haufundishiki kwetu, husahau kwamba tumekuwa tukifundishana siku zote. Tulichokipunguza ni kukutana.

Anzeni na mlicho nacho

Kwa sababu hiyo sitamshauri kila kijana aombe nafasi ya kwenda ng'ambo. Anayeipata na aende, lakini kabla ya hapo, na hata bila ya hapo, jambo lenyewe laweza kufanyika Temeke, Mwanza au Mombasa. Tangu mwaka 2017 tunakutana watu saba, kila Jumamosi ya pili, katika chumba cha darasa tunachoazimwa. Yumo dereva wa daladala, wamo walimu wawili, yumo muuguzi, mshonaji, mwanafunzi wa chuo, na mimi. Utaratibu wetu nakupa bure.

Kwanza, nakala zitolewe siku tatu kabla, ili watu wasome nyumbani kwa utulivu, wala asiwepo wa kusomea palepale. Pili, mazungumzo yaanze kwa kila mmoja kusema hadithi inahusu nini, pasipo sifa wala lawama; mwandishi atashangaa kusikia majibu sita. Tatu, kila mtu aonyeshe mahali hasa alipopotea au alipochoka, kwa kutaja ukurasa. Kusema "nzuri" peke yake hakumsaidii mtu, na kusema "mbaya" ni uvivu. Nne, mwandishi anyamaze mpaka mwisho, kisha apewe muda wa kutosha wa kuuliza, na kueleza akipenda. Hapo tumeilegeza kidogo sheria ya Iowa. Tano, na hili halikuwamo Iowa: kila hadithi isomwe na mtu mmoja asiyekuwa mwandishi, ambaye maisha yake yanafanana na ya wale waliomo ndani. Ikiwa umeandika habari za mvuvi, mvuvi aisome. Ikiwa hajui kusoma, asomewe. Ikiwa hasikii, basi uandike kwa herufi kubwa.

Mshonaji wetu alituletea mwezi uliopita hadithi ya kurasa nne juu ya mteja asiyelipa. Dereva aliisoma akasema amepotea ukurasa wa pili, kwa kuwa hajui gauni lile limegharimu kitambaa mita ngapi. Mshonaji alinyamaza kama sheria isemavyo, akaandika katika daftari lake, na Jumamosi ijayo ataileta tena.